Upande wa Kushoto wa Somo

Kabla ya kuwasha udi, Somo alikuwa akipanda kiti cha jikoni na kukivisha king'ora cha moshi kofia ya plastiki, ile ya kuogea, ya rangi ya waridi. Akishuka, anaweka kipande cha kaa kwenye jiko la umeme, anakingoja kiwe chekundu, anakihamishia chetezoni, na nyumba yake ya Sharpstown inaanza kuelea. Dirishani kiyoyozi kinanguruma, nje watoto wa majirani wanapiga kelele kwa Kihispania, na humo ndani moshi unapita taratibu mbele ya pazia kama mtu asiye na haraka. Mpaka leo nikiiwaza Houston, ndiyo Houston ninayoiona. Nilimwambia ipo siku atatuunguza sote.

"Mwali," akanijibu, "una kelele kuliko hicho kidude."

Tulimwita Somo, basi. Jina lake la pasipoti nalijua, ila sijawahi kulitamka na sianzi leo. Kwetu Tanga somo ndiye mwanamke anayemfunda binti anayeolewa, anayemwogesha, anayemweleza yale ambayo mama mzazi anaona haya kuyasema. Huyu wa kwetu alikuja Texas na kazi hiyo mkononi. Watanzania wa Dallas na Plano walimkatia tiketi ya basi kila palipokuwa na kicheni pati, sherehe ya kumfunda bibi harusi. Wakenya walimwita Anti Somo. Wakongo wa Haltom City, kule upande wa Fort Worth, walimwita Mama Somo. Alifunda Waislamu na Wakristo bila kubagua, na wote aliwamalizia kwa swali lile lile. Anakukazia macho, anatikisa kidole: "Tumeelewana, au tumenyamaza tu?" Ole wako unyamaze.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nakwambia mapema usije ukashangaa mbele. Mwaka nilioolewa hasira zilikuwa zimefurika, maana mama yangu alinyimwa viza, akawa anaitazama harusi ya mwanawe kwenye simu, picha inaganda, sauti inakatika. Somo alinichukua nikakae kwake. Hakunibembeleza. Alinikalisha kwenye beseni la kuogea, akafunga mlango, akaanza kunisugua singo, unga wa manukato wa waridi na liwa, na mimi nalia na huku najifanya ni sabuni imeniingia machoni.

"Inua mkono," akasema.

Nikainua.

"Huu mwili ni wako. Mtu mwingine asiujue kabla yako wewe." Akanishika vidole vyangu mwenyewe, akaviweka juu ya titi langu. "Si ncha, mwali. Ncha ni za kuchomolea mwiba. Weka matumbo ya vidole, zungusha, haya, panda mpaka kwapani, maana titi halikomi pale unapodhani limekoma. Sikupi kazi ya udaktari. Nataka uuzoee tu, ili siku ukibadilika utambue. Uvimbe, ngozi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa maji usiyoyaelewa. Ukiona hivyo usimuulize shoga yako, muulize daktari."

Nilianza kucheka, si kwa kitu, kwa kutekenyeka tu.

"Cheka. Na usingoje kuumwa, kitu chenyewe mara nyingi hakiumi. Tena mashine inaona kabla ya vidole, kwa hiyo ukifika arobaini usikae ukajisifu kwa vidole. Tumeelewana, au tumenyamaza tu?"

"Tumeelewana, Somo."

Siku ile na siku nyingine za kufundwa zimejikunja pamoja kichwani mwangu kama nguo sandukuni, sijui ipi ilikuja kwanza. Najua maji yalikuwa ya vuguvugu, mwanga wa alasiri uliingia kwa kidirisha cha juu, na kwamba kwa mara ya kwanza tangu nitoke kwetu nilihisi kuna mtu ananijua. Nilimpenda siku hiyo. Sijapata kuacha.

Kuogesha ndiyo ilikuwa kazi yake hata mchana. Alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, akiwaogesha bibi wa Kitexas waliosahau majina ya watoto wao. Aliingia kila chumba na "Shikamoo," na akawafundisha kuitika. Nilimfuata kazini mara moja kumpelekea ufunguo, nikamkuta bibi mmoja mweupe pe, nywele zimechanwa vizuri, anaitikia "Marahaba" kwa lafudhi ya ng'ombe na farasi. Somo akanitazama kwa fahari utadhani bibi yule kamaliza chuo. Ndivyo alivyokuwa: akishika mtu, anamshika wote. Ila yeye nani alimshika? Sikumbuki kumwona mtu hata akimfunga kanga.

Hilo ndilo lililonishangaza kwake kuliko yote. Kinywa chake hakikuwa na mlango. Mambo ya chumbani aliyasema mbele ya mama wakwe na mawifi bila kupepesa jicho, na wanawake wazima wakawa wanajifunika nyuso kwa mitandio. Lakini akija kulala kwangu Plano, anafunga mlango wa chumba kwa ufunguo ili abadilishe nguo, na kioo changu kikubwa anakitundikia kanga. Siku moja niliingia bafuni bila kubisha, nikamkuta amejifunga mpaka shingoni, akanifukuza kwa kandambili. Nilimtania, "Somo, una nini ambacho mimi sina?" Hakucheka.

"Masomo hatuonwi," akasema. "Anayeonwa ni mwali."

Nikalichukua kama desturi, likapita.

Kuna Jumapili moja ya Haltom City ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu kwenye gari. Zawadi, rafiki yangu wa Bukavu anayefanya kazi kwenye ghala la vifurushi, alihangaika mpaka basi la kipimo cha matiti, ambalo mashine yake iko humo humo ndani, likaja kuegeshwa kwenye uwanja wa kanisa lao. Somo akatoka Houston kuja kuwatia watu moyo. Ibada ikaisha, wamama wakatoka na vitenge vyao vya sherehe, wakajipanga. Jua linawaka, lami inatoa mvuke, na foleni nzima inanukia kama duka la manukato.

Mpimaji akachungulia mlangoni, mama mmoja mpole wa miwani, akavuta hewa, akauliza kama kuna waliojipaka poda au deodoranti. Wote. Walikuwa wamefuata agizo la Somo la miaka yote, kwamba mwanamke hatoki kwake bila kunukia. Wengine walijipoda kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Yule mama akaeleza, Zawadi akatafsiri, kwamba poda na deodoranti vinaweza kutokea kwenye picha kama vitone vyeupe, na vitone vyeupe ndivyo anavyovitafuta.

"Toba!" Somo akashika kichwa. "Yaani mwaka hadi mwaka nafundisha watu wanukie, leo nimekuwa mharibifu?"

Lakini hakukaa akajuta. Alimnyang'anya yule mama boksi la vitambaa vyenye maji, akawapeleka wanawake chooni mwa kanisa kwa zamu, akawapangusa kwapa na vifua mmoja mmoja, anaimba chini chini. Mama mmoja akamshika mkono. "Mama Somo, ile mashini iko inauma?"

"Inabana, kisha inaachia. Wewe umezaa?"

"Nimezala batoto sita."

"Basi nenda zako, unaogopa nini?"

Kicheko kikajaa choo. Tangu siku hiyo akaongeza fundisho lake: siku ya kipimo, mwende wakavu. Udi kwenye nguo hauna neno, ila poda, losheni, deodoranti na liwa viacheni nyumbani. Alilisema hilo kila kicheni pati mpaka watoto wadogo wakawa wanamwigiza. Na siku ile ile ya kanisani, Zawadi alimuuliza kwa nia njema kabisa, "Na weye, Mama Somo, ulishapimwa?" Somo akajibu kwamba yeye ni mlinda mlango, mlinda mlango haingii. Tukacheka wote, basi likaondoka.

Alikuwa na dada. Habari zake alinisimulia mara moja tu, tukiwa njiani kutoka Houston kwenda Dallas, mvua imeshuka mpaka magari ya mbele yamebaki taa nyekundu zinazoelea. Labda ni mvua iliyomfungua, labda ni kwa kuwa nilikuwa naendesha na nisingeweza kumtazama. Dada yake alishika kijivimbe, kikawa hakiumi, akakaa nacho. Kikafunguka kikawa kidonda. Akakificha chini ya kanga, na nyumba ikawa inafukizwa udi asubuhi na jioni, watu wakasifu jinsi kwao kunavyonukia.

"Siku moja udi ukashindwa," Somo akasema. "Ndipo tukampeleka hospitali. Na akafia huko huko."

Nilisema pole. Akawa anatazama dirisha lake, anachora duara kwenye ukungu wa kioo kwa kidole. Baadaye akauliza kama nina njaa, tukasimama kununua kuku. Hakulirudia tena neno lile, lakini mimi nilielewa kwa nini alitushika vidole vyetu kwa nguvu vile.

Sasa ndiyo nije kwenye ile kicheni pati ya Plano. Tulikuwa kwenye ukumbi mdogo wa nyumba za kupanga, mikeka chini, mabakuli ya visheti, na bibi harusi mtarajiwa amefunikwa katikati. Somo alikuwa na kawaida ya kuonyesha mazoezi ya vidole juu ya mwili wake mwenyewe, kanga ikiwa imefungwa vizuri: anazungusha upande wa kulia, anapanda kwapani, kisha mkono unavuka kifua, unakwenda upande wa kushoto, vivyo hivyo. Nimeyaona mara nyingi kiasi kwamba nilikuwa nayatazama huku nawaza wali uliokuwa jikoni.

Mkono ukazunguka kulia. Ukapanda kwapani. Ukafika katikati ya kifua ukasimama. Halafu ukashuka zake mapajani, na Somo akaendelea kuhadithia habari nyingine.

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki na sahani mkononi, ngoma ikawa inatoka mbali kama ninaisikia chini ya maji. Nikajaribu kukumbuka kicheni pati ya Irving iliyotangulia, na ile ya Houston kabla yake. Kulia, kwapani, katikati, chini. Yarabi. Kila nilipokumbuka, mkono haukuvuka.

Asubuhi yake, mume wangu kaenda kazini, nilimkuta jikoni kwangu anakanda unga wa chapati. Sikumsalimia.

"Somo, upande wa kushoto una nini?"

Mikono ikaendelea kukanda. "Mwali, hata shikamoo hakuna?"

"Shikamoo. Una nini?"

"Marahaba. Kijitu tu. Hakiumi."

Nikamlipukia. Sisemi nilisema kwa adabu. Nilimwambia kwamba neno hilo, hakiumi, yeye ndiye aliyetukataza. Nilimwambia amekivisha king'ora kofia halafu anasema nyumba haina moshi. Nililia na kupiga meza, unga ukaruka. Somo akaningoja nimalize, kama anavyowangoja wale bibi zake.

"Dada yangu alikwenda hospitali ndipo akafa," akasema taratibu.

"Alikwenda amechelewa! Wewe mwenyewe umeniambia!"

"Najua." Akaifuta mikono. Kwa mara ya kwanza nikamwona ni mtu mdogo wa umbo, mabega yameshuka. "Kichwa kinajua, mwali. Lakini nikilala naota ule mlango wa hospitali unafunguka, naye anaingia, anapunga mkono. Tena huko wataniona. Mimi sijaonwa na mtu tangu afe yule aliyenifunda."

Nilimwambia tu, "Nime-book daktari wa huko kwenu, Alhamisi, nitaku-drive mwenyewe," ambao ulikuwa uongo, lakini kabla ya saa sita ulikuwa ukweli. Daktari alimshika juu ya nguo, maana Somo alikataa kuvua, akaandika apelekwe kipimo cha picha na cha mawimbi ya sauti. Nikaomba ruhusa kazini, siku ya kipimo nikaenda Houston kumchukua.

Alitoka nyumbani kwake amevaa gauni jipya. Akaingia garini, na gari likajaa harufu: poda, liwa, mafuta ya mkaratusi, waridi, kila kitu alichonacho kabatini. Nikafungua dirisha, nikaendesha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, mpimaji alipomuuliza kama amejipaka chochote, Somo akajibu haraka kabla sijatafsiri, na Kiingereza chake kikawa kimenyooka ghafla: ndiyo, amejipaka sana, basi heri arudi siku nyingine.

Hapo nikaelewa. Hakuna mwanamke Texas nzima aliyelijua katazo lile kuliko yeye. Hakusahau. Alijipaka ili wamrudishe.

Hasira zangu zote nilizozaliwa nazo zilikuwa zinapanda, kisha nikamtazama mikono. Ilikuwa imeng'ang'ania kishikizo cha gauni, ile mikono. Nikamwomba mpimaji vitambaa vyenye maji na atupe nafasi kidogo. Akatoka, akavuta pazia.

"Inua mkono," nikamwambia.

"Mwali..."

"Inua mkono, Somo. Leo nakuogesha mimi."

Nilisikia saa ya ukutani na viatu vya watu nje ya pazia. Kisha akafungua kishikizo cha gauni mwenyewe, akageuza uso ukutani, akainua mkono.

Nilipangusa kwapa la kulia, kifua, nikazunguka kwenda kushoto. Poda ilitoka nyeupe kwenye kitambaa, na chini yake nikaona ngozi imebonyea, kishimo kidogo kama alama ya kidole kwenye unga. Niliendelea kupangusa na kuimba ule wimbo wake wa chooni mwa kanisa, ninaoujua nusu tu. Nilipofika pale nisipopajua, yeye akaendelea, kwa sauti ndogo, bado ameuelekea ukuta. Alipokauka, nikamvisha lile joho la mbele wazi nikamfunga kamba. Akapita mlango ule kwa miguu yake.

Ilikuwa kansa. Titi lilitolewa, zikafuata dawa, nywele zikaenda zikarudi zimejiviringa upya. Daktari alisema angependa tungekuja mapema zaidi, lakini tumekuja, na pa kushika bado papo, inatibika. Zile wiki za dawa nazikumbuka kama usingizi wa mchana: yeye amelala kwenye kochi Sharpstown, mimi na Zawadi tunapokezana, uji unapoa mezani. Aliacha kufunda. Watu walimpigia kumwita, akawa anasema amestaafu.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisema ni kicheni pati ya binti yake Zawadi. Somo mwenyewe ndiye aliyepiga simu, akasema ifanyike nyumbani kwake au isifanyike kabisa. Nilipofika, chetezo kilikuwa nje, kibarazani, moshi unajiendea zake kuelekea maegesho ya magari. Juu darini king'ora kilikuwa wazi. Nikakitazama, naye akaniona ninavyokitazama, akageuza uso.

Wanawake walijaa mpaka jikoni. Mimi nilikosa pa kukaa, nikasimama mlangoni. Akafunda kama zamani, kinywa kile kile, wakwe wakajifunika. Kisha akafika kwenye vidole.

Mkono ukazunguka kulia. Ukapanda kwapani. Ukafika katikati ya kifua ukasimama.

Somo akaangaza chumba mpaka macho yake yakanipata. Halafu akafungua kanga.

Upande wa kushoto ulikuwa tambarare, na kovu limelala juu yake kutoka kifuani kwenda ubavuni. Alikaa wima mbele yetu, yeye ambaye hakuonwa na mtu, akauchukua mkono wa bibi harusi akauweka pale pale.

"Shika vizuri, usiogope. Mimi nilikijua kijivimbe cha hapa kabla ya daktari, nikakifunika. Wewe usifunike."

"Okay, Mama Somo," yule binti akasema huku machozi yanamtoka. "Nita-check. Na nitakwenda."

"Na mnamwona yule pale mlangoni, mwenye hasira?" Vichwa vyote vikageuka. "Yule ndiye aliyeniogesha. Yule ndiye somo yangu."

Kisha akafunga kanga yake, akajifuta jasho, akatikisa kidole juu ya chumba kizima.

"Haya. Tumeelewana, au tumenyamaza tu?"

Wakaitika kwa sauti moja, vigelegele vikapasuka mpaka majirani wakachungulia. Mimi peke yangu ndimi niliyenyamaza, nalia, na safari hii sina sabuni ya kusingizia.